Kiu Haijanifika

Namsifu alikuwa ameshatapika mara moja mchana huo, na kazi yenyewe ilikuwa bado haijafika katikati.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, beseni miguuni, kibandiko cheupe nyuma ya sikio. Mwanawe Nakijwa, wa kidato cha tatu, alikuwa mkekani na kishikwambi mapajani, akisubiri mama amalize kuonja ili naye aanze kuhakiki. Ndiyo ilikuwa sheria ya shule tangu hadithi za mtandaoni zilipoacha kusomwa kwa macho zikaanza kusikika mwilini. Mwanafunzi anahakiki kazi za wenzake na kuzipa nyota, lakini kabla hajabandika kibandiko chake, mzazi abandike kwanza cha kwake. Aonje, kama unavyoonja uji kabla ya kumpa mtoto. Akiridhika, abonyeze palipoandikwa NIMEONJA, ndipo hadithi ifunguke.

Wazazi wengi pale Same walibonyeza tu. Nani ana nafasi hiyo? Ila Namsifu alikuwa mama wa kusimama mlangoni kusikiliza kama mtoto anapumua, hata sasa mtoto amemzidi urefu.

"Ile ya kwanza umeipa nyota ngapi?" aliuliza, akijifuta mdomo kwa ncha ya kanga.

"Bado, mama, si mpaka ubonyeze? Lakini wenzangu wameipa tano."

"Tano! Mtoto wa mchungaji anaandika jambazi kachinjwa, kumbe jambazi mwenyewe ni mbuzi! Nimesikia majani mdomoni, Nakijwa. Nimesikia na kwato. Wamembandika mbuzi wa sikukuu kibandiko cha kunasa, wakamkata shingo, halafu nyinyi mnakaa mnatoa nyota."

"Madamu anasema hisia halisi zina alama nyingi kuliko za ghalani."

Hisia za ghalani Namsifu alizijua. Watu wanalipwa kunaswa wakiwa wamekaa vizuri: huyu anashika barafu, yule anachomwa sindano, mwingine anakula pilipili. Mwanafunzi anachota humo anachotaka, anakishona kwenye hadithi yake. Zilikuwa hisia safi, moja moja, kama soda iliyoisha gesi. Hazikumdhuru mtu. Na kwa sababu hazikumdhuru mtu, watoto walikuwa wamezichoka.

"Nipe inayofuata," alisema.

Nakijwa akachangamka. "Hii utaipenda. Ni ya Mbonea, *Malkia wa Jangwa*, sura ya nne. Ndiyo inaongoza darasa zima. Malkia ana miaka ishirini, msafara wake umempoteza, hana maji."

Namsifu akafumba macho, akaifungua aonje.

Jangwa likafunguka, la dhahabu, limechorwa vizuri mno. Upepo ukavuma. Mbele yake akaona mikono ya msichana, ina hina na bangili. Halafu kiu ikaja, na Namsifu akajua papo hapo kwamba hii haikutoka ghalani, maana ilikuja na takataka zake zote. Ulimi ulikuwa kama kipande cha gunia. Mate yalikuwa mazito, yananuka. Na pamoja na kiu kulikuwa na goti lililovimba, kitambaa kinachowasha kichwani, harufu ya dawa ya kuchua, na fizi zilizogusana zenyewe kwa zenyewe.

Malkia gani huyu wa miaka ishirini asiye na magego?

Malkia akainua mkono mzuri wenye bangili kujikinga na jua. Namsifu akasikia vidole vikikunjwa, vinne vikakubali. Kidole kidogo cha kulia kikabaki kimesimama.

Akakibandua kibandiko kwa nguvu hata kikatoka na nywele. Beseni lilikuwa karibu, akashukuru kwa hilo.

"Mama! Vipi?"

Kidole kile Namsifu alikuwa anakiona kila Jumapili kikiwa kimesimama peke yake juu ya kitabu cha nyimbo. Kilikatwa mshipa na kisu cha mkonge zamani, hakikunjiki tena, na watoto wa kanisani walikuwa wanakiigiza wakishika vikombe vyao.

"Huyu si malkia," alisema. "Huyu ni Bibi Naetwe, bibi yake Mbonea. Mbonea anamnyima bibi yake maji."

*

Nakijwa alikunja uso kama mtu aliyeambiwa kitu ambacho hakiko kwenye mtihani.

"Hamnyimi, mama. Ameridhia, kuna alama ya dole gumba lake pale mwanzo. Bila hivyo mtandao usingeipokea."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Tunajua ni mtu. Hatukujua ni nani. Kwani tukijua tufanye nini? Sisi ni wahakiki."

"Nisomee mlichoandika."

Nakijwa akasita, kisha akasoma kwa sauti ya darasani. Kwenye sura ya kwanza mmoja alisema kiu ni ya kitoto. Kwenye ya pili mwingine alishauri malkia awekewe maji mbele ayaone, ili mate yatoke halafu yakauke. Kwenye ya tatu kulikuwa na maneno mafupi tu: *Kiu haijanifika. Izidishe.*

"Hayo ya nani?"

Mtoto akatazama mkeka. "Ya kwangu."

Namsifu akalisogeza beseni pembeni, akamkazia macho.

"Lakini mama, ndivyo uhakiki unavyoandikwa! Tumefundishwa usimsifie mwenzako bure. Na kweli haikunifika. Nilibandika, nikakaa, nikasikia kama... kama mtu aliyechelewa kunywa chai. Nisingeweza kudanganya."

Namsifu akageuka, akaita kuelekea sebuleni. "Baba Nakijwa! Zile sura tatu nilipokuwa kwa dada, uliziona wewe?"

"Niliziona," sauti ya mume wake ikajibu juu ya kelele za watangazaji wa mpira.

"Sikuuliza kuona. Ulizionja?"

"Mama Nakijwa, kulikuwa na mechi."

Akapiga simu kwa Madamu Senzota, mwalimu wa somo. Madamu akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo lililomtia Namsifu moyo, halafu akajibu kwa sauti laini kama anafunga zawadi.

"Mama Nakijwa, nakuelewa kabisa. Lakini nadhani umeichukulia kwa hisia sana."

"Si ndizo mnazofundisha, hisia?"

"Mwenye mwili ni mtu mzima, ana akili zake, ameridhia. Kanuni inaishia hapo. Mimi nikimzuia, nitakuwa nimemwamulia mzee mambo yake. Na Mbonea yatima yule, kazi hii ndiyo tiketi yake ya chuo. Sura ya mwisho inanaswa leo jioni, na darasa zima litaipokea mbichi, moja kwa moja, bila michoro; hii hakuna kuonja, mzazi atabonyeza tu. Tafadhali usimvuruge mtoto."

"Mtoto yupi?" Namsifu aliuliza, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Akajifunga kanga ya pili. "Hubandiki kitu wewe mpaka nirudi," alimwambia Nakijwa, na kumnyooshea kidole. Kishikwambi chenye hadithi za darasa akakichukua, akamwachia kile cha baba yake.

*

Mbonea alikuwa amekaa barazani kwa bibi yake, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akiangalia mistari ikipanda na kushuka kwenye kioo cha kishikwambi. Alimwona Namsifu, akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Namsifu alikuwa hajawahi kumnyima mtoto marahaba maishani mwake. Siku hiyo ilimkwama.

"Tangu lini bibi yako hajanywa maji?"

"Jana mchana. Lakini anaruhusiwa kusukutua, akatema."

"Anaruhusiwa! Na chakula?"

"Anakula, mama. Mkate. Na karanga za chumvi kidogo, maana wahakiki walishauri..." Akaona uso wa Namsifu, akaimeza sentensi iliyobaki.

"Wewe mwenyewe umewahi kuonja?"

"Kila siku." Alijibu bila kuona haya, kama muuza nyanya anayeulizwa kama zimeiva. "Sura ya kwanza ilinifika, mpaka nikalia. Ya pili kidogo. Sasa hainifiki, wala wenzangu haiwafiki. Ndiyo maana tunaongeza. Sifanyi kwa ubaya, mama. Mimi nampenda bibi."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomchafua Namsifu roho kuliko lote. Angekuwa mtoto mbaya angempiga kofi yaishe. Huyu alikuwa mtoto mzuri, safi, mwenye shikamoo yake, na ndani yake mahali pa kusikilia pamekufa ganzi kama fizi ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Akampita, akaingia.

Bibi Naetwe alikuwa kwenye kiti cha mbao, miguu juu ya stuli, kibandiko cheusi cha kunasa nyuma ya sikio. Pembe za mdomo wake zilikuwa nyeupe. Mbele yake, juu ya meza, kulikuwa na jagi la maji, limetoa jasho, na glasi pembeni. Kila alipoongea ulimi ulibanduka kwenye kaakaa kwa mlio mdogo, na mlio ule ulimrudishia Namsifu lile gunia alilolisikia kinywani mwake.

"Karibu, Mama Nakijwa. Nisamehe, siinuki."

"Bibi yangu, kunywa maji."

"Bado, mwanangu. Nikinywa namharibia."

"Unaharibikiwa wewe!"

"Usinitolee macho hivyo. Sijafungwa kamba hapa." Bibi akapumzika, akameza kitu ambacho hakikuwepo. "Mjukuu wangu alikuja akaniambia, bibi, watoto wa siku hizi shida hawaijui. Wakiisikia yako mwilini mwao, hawatamwacha mzee bila maji tena maisha yao yote. Nikafikiri. Mimi nimefanya nini duniani? Nimekata mkonge, nimezaa, nimezika. Sijafundisha mtu hata a, be, che. Sasa darasa zima linanisikiliza, wanapata huruma kwangu. Unataka niwaambie basi, nimechoka?"

Akatabasamu, na mdomo ukapasuka, ukatoa damu kidogo. Alijilamba bila kujali.

Namsifu akasimama katikati ya chumba, hajui mikono aiweke wapi. Angeweza kunyanyua glasi akamlazimisha, kama unavyomlazimisha mtoto dawa. Lakini huyu hakuwa mtoto, na kumfungua mzee taya kwa nguvu ni kuufanya mwili wake tena mali ya mtu mwingine. Angeweza kubandua kile kibandiko. Mbonea angekirudisha kesho, na bibi angekiomba mwenyewe. Dole gumba lipo. Kilichobaki ni kumwambia ukweli. Na ukweli huo ungemnyang'anya kitu kimoja alichokuwa anakishikilia, kitu kilichofanya ile kiu iwe na maana. Mtu anaweza kuvumilia kiu. Anavumiliaje kuambiwa amekaa na kiu bure?

Nje, Mbonea aliita, "Bibi, tumeingia hewani! Wote wamebandika!"

Sasa kila kitakachosikiwa na sikio la Bibi Naetwe, darasa litakisikia.

Namsifu akapiga magoti mbele ya kiti, kama alivyofundishwa utotoni kumsogelea mkubwa wake. Akatoa kishikwambi.

"Bibi, huruma haiwafiki. Naomba nikusomee wanavyosema."

"Watoto?"

"Watoto." Akaanza. Sauti yake ilikuwa inakwaruza, hakuwa na mazoea ya kusoma mbele ya watu, aliishia la saba. "Huyu anasema, kiu ya kitoto. Huyu anasema, malkia mwekeeni maji mbele ayaone."

Macho ya bibi yakaenda kwenye jagi. Yakakaa hapo.

"Huyu anasema, malkia anachelewa kufa, nimeanza kuchoka. Huyu ameweka alama ya kupiga miayo."

"Malkia ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, bibi. Wamekuchora msichana. Hawakuoni."

Upepo wa Same ulikuwa unatikisa bati, na mtu angeweza kudhani bibi hakusikia. Halafu akauliza taratibu, akichagua maneno kwa sababu ya ulimi.

"Na wa kwako? Nakijwa ameandika nini? Nilimbeba mgongoni yule, ulipokuwa umelazwa."

Hapo Namsifu alitamani umeme ukatike, kishikwambi kizime, dari ianguke. Angeweza kuruka mstari. Nani angejua? Lakini akiruka, bibi angebaki na mtoto mmoja wa kukaa na kiu kwa ajili yake, na huyo mmoja angemtosha.

Akasoma. "*Kiu haijanifika. Izidishe.*"

Bibi Naetwe hakulia, maji ya kulia hayakuwepo. Alikaa tu akimtazama Namsifu, na uso ukawa unazeeka pale pale. Kisha akanyoosha mkono kwenye meza, vidole vinne vikaikumbatia glasi, kimoja kikasimama. Ikabidi Namsifu ammiminie, ikabidi ashike pia.

Akanywa. Alikunywa kwa kelele, kama mnyama, maji yakimchuruzika shingoni yakilowesha kanga. Na katikati ya kunywa akasema, "Wajinga wangu," akanywa tena.

Mbonea akaingia mbio. "Amekunywa! Mama, umeniharibia! Si ungesubiri hata robo saa?"

Namsifu akasimama, akambandua bibi kile kitu cheusi, akakitumbukiza ndani ya jagi. Kishikwambi mkononi mwake kilikuwa kinalia, ting, ting, ting, uhakiki ukiingia.

*Mwisho umepoa. Angekufa ingekuwa kali.*

*Nyota mbili. Yule mama mwenye sauti ya kukwaruza katokea wapi? Katuharibia.*

*Maji yalikuwa matamu kiasi. Lakini mafupi.*

"Soma," alimwambia Mbonea, akimwekea kioo usoni. "Soma kwa sauti, bibi yako asikie chuo unachokwenda."

Kijana akamtazama bibi, ambaye alikuwa anamtazama yeye, kidevu kinadondosha maji. Ndipo akakaa chini, pale pale sakafuni, kwa namna ya mtu aliyeishiwa na la kufanya. Kama kilimfika kitu au hakikumfika, Namsifu hakungoja kujua. Alimwagiza amchemshie bibi uji mwepesi, akasimama hapo mpaka moto ulipowaka, kisha akaenda kumwita jirani aje akae na bibi.

*

Alipofika nyumbani mpira ulikuwa bado unaendelea. Nakijwa alikuwa jikoni amekaa kwenye kigoda, na nyuma ya sikio lake kulikuwa na kibandiko cheupe.

"Nilikukataza!"

"Nilitumia kishikwambi cha baba. Baba alibonyeza," Nakijwa alisema. Hakuinua macho.

Namsifu akasikia hasira ikipanda, kisha akaona vitu vilivyokuwa sakafuni: pakiti ya vibandiko imechanwa, viwili vimetupwa, na kikombe kitupu.

"Kwa hiyo ulinisikia nikisoma."

"Nilisikia."

"Na bibi? Ulimsikia bibi?"

Nakijwa akatikisa kichwa. "Nilijaribu, mama. Ulipotaja ya kwangu nilijua sasa ndiyo itaniuma. Nikangoja. Alipokunywa, wenzangu wengine wameandika maji yalikuwa matamu. Mimi sikusikia maji. Nikasema kibandiko kimeharibika, nikaweka kingine. Nikaweka kingine tena."

"Labda vyote ni vibovu."

"Halafu nikanywa maji yetu. Ya mtungini." Akaonyesha kikombe. "Na haya siyasikii vizuri, mama. Yanapita tu. Nitapona?"

Swali hilo Namsifu alikuwa hajalisikia tangu mtoto alipougua surua, na siku zile alijua la kujibu. Alimkagua mwanawe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Hakuona jeraha. Alinyoosha mkono, akakibandua kile cheupe polepole ili kisimuume, halafu akawaza kwamba angetamani kimuume.

"Utapona," alisema. Lilimtoka haraka mno, na wote wawili walilisikia hivyo.

Akachovya kikombe mtungini, akakileta kimejaa, akapiga magoti mbele ya kigoda.

"Kunywa tena. Usimeze upesi. Yaache mdomoni kwanza."

Nakijwa akachukua kikombe kwa mikono miwili, akanywa, mashavu yamejaa, akimkazia mama yake macho usoni, kama anayetafuta humo maji yana ladha gani.